Tepu ya Makumbi na Walioiazima

Mmeniuliza mara tatu sasa. Mara ya kwanza barazani, mara ya pili msikitini nikiwa natafuta viatu vyangu, na mara ya tatu mmemtuma mke wa Nassor amuulize mke wangu: Fundi alipotelea wapi siku nne, na mbona karudi kanuna? Na katika swali hilo hilo mmechomeka jengine, nitaje tepu na santuri za kuimba bila ala ninazozipenda kuliko zote, ili mpange zamu za Ijumaa. Haya, n'tajibu yote mawili hapa, maana kwangu mimi yamekuwa jambo moja. Habari za ruhusa ya kazini na vyeti vya njiani naziruka, hazina ladha. Msa, najua na wewe utasoma. Soma mpaka mwisho.

Kikwajuni, kabla sijatoka

Nianze na mnayoyataka. Kwanza isikilizeni tena tepu ya kwaya aliyotuletea Petro mchapaji. Siku ile kinanda cha kanisani kwao hakikupigwa, wakaimba wenyewe, sauti nne zimepandana, na wanaume wa sauti ya chini wanaingia taratibu hata hujui wameingia lini. Mimi Muislamu mwana wa Muislamu, na niliirudisha mara tano. Pili ni santuri ya wale watu weusi wa Marekani, wanaume watano, ambayo Nassor aliapa kuwa yule wa besi ni ngoma ya dumbaki mpaka tulipomsikia anavuta pumzi. Tatu ni dhikri ya watu wa Mkokotoni, ile ambayo kifua ndicho kinachofanya kazi na maneno yanafuata nyuma. Nyengine nitaitaja tutakapofika mahali pake.

Halafu kuna ya kwangu, tepu ya makumbi. Mnaijua, ndiyo iliyozua balaa lote hili. Niliirikodi mwenyewe Chwaka, pwani, kwa ile mashine ya kurikodi niliyoletewa kutengeneza na mteja aliyeondoka nchini asirudi kuichukua. Wanawake wamefukua makumbi ya nazi yaliyokaa topeni miezi, wanayapiga kwa magongo kutoa usumba wa kusokotea kamba, na wanaimba. Mama yangu, Bi Mize, anatoa wimbo. Ma Mwatima, mke mwenzake, anaitikia, na wanne watano wengine wanamfuata yeye. Baba amekufa zamani, lakini wake zake wawili walibaki ua mmoja na shimo moja la makumbi.

Msa akasimama mbele yenu nyote akasema haifai kwa sheria yetu ya barazani ya kutotia ala, gongo ni ngoma. Nikamwambia gongo ni kazi, anayepiga hapigi ili aimbe, anaimba ili apige. Akasema mlio ni mlio. Mnanijua nikibishiwa. Nikamtia tepu mkononi nikamwambia nenda kaisikilize kwako siku tatu, uje uniambie umesikia ngoma au umesikia watu. Siku tatu. Msa, zimekuwa miezi mitano.

Katika miezi hiyo mitano Ma Mwatima akashikwa na homa, akafa. Mama naye koo likamvimba, sauti ikakauka, nikamchukua nikamleta kwangu mjini atibiwe. Uvimbe ulishuka, sauti haikurudi. Anasema kwa mkwaruzo, na akisema sana anachoka. Sasa Jumatatu ile, baada ya chai ya asubuhi, akaniita.

"Makame."

"Naam, mama."

"Ile tepu yako ya shimoni, unayo bado?"

"Nnayo," nikasema, na nilikuwa nasema uongo.

"N'tilie nimsikie Mwatima."

Nikamwambia betri zimekwisha, n'tazitafuta. Akatikisa kichwa, akaniambia jambo ambalo sikuwa nikilijua. Kumbe mwaka ule niliowarikodi walikuwa hawasemezani. Wamenuniana mwaka mzima, kila mmoja na jiko lake, salamu hakuna. Sababu hakuniambia na mimi sikuthubutu kuuliza. "Lakini shimoni aliniitikia," mama akasema. "Hata siku moja hakukosa kuniitikia. Halafu akafa tuko vile vile." Akageukia ukuta.

Nikatoka mbio mpaka kwa Msa. Na Msa, bila hata kuinuka kitini, akanijibu, "Ah, ile. Nilimpa shemeji yangu wa Tunguu, seremala. Aliipenda sana." Aliipenda sana. Mali ya nani? Nikamuuliza hivyo hivyo, mali ya nani, akasema nisimpandishie sauti kazini kwake.

Darajani mpaka Tunguu

Jumanne saa mbili asubuhi niko Darajani, ndani ya gari la shamba, na saa nne bado niko Darajani, ndani ya gari la shamba. Dereva anangoja lijae. Likajaa. Akangoja tena, mara hii anangoja sanduku la mtu. Sanduku likaja, halina mtu, na mtu alipokuja akasema si lake. Nilikuwa nimepakata mashine yangu mapajani, nzito, imefungwa kwa shuka, na kila anayepanda ananiuliza kama ni cherehani.

Tulipofika Jumbi gari likasimama tena. Dereva akashuka, akavaa kofia yake vizuri, akasema pana hitima ya mjomba wake na hawezi kupita mlango wa mjomba wake kama mpita njia. Nikamwambia na sisi je? Akasema na nyinyi karibuni. Wallahi gari zima likashuka. Abiria thelathini tusiomjua marehemu hata kwa jina tukakaa mkekani tukasoma, tukala pilau ya watu. Na siku hizi mchele ni wa kupangia foleni, mwenye shughuli aliupata wapi sijui, lakini hakuna aliyekunja uso. Nilikasirika na nilikula. Hasira na njaa hazizuiani.

Tunguu nikaingia adhuhuri imeshapita. Seremala, jina lake Haji, nilimkuta chini ya banda lake la makuti anapiga randa. Nikamsalimu nikamwambia natoka mjini, nimekuja kuchukua kitu changu. Akafurahi kupita kiasi. Akaniita ndani, akanipa maji ya dafu, akasema, "Bwana, nilikwisha kata tamaa nawe," akatoka na watu wawili wamebeba kitanda. Kitanda kizima, cha besera, na nguzo zake nne za kutundikia chandarua, kimepakwa rangi. Wakakiweka mbele yangu.

"Hiki ni nini?" nikamuuliza.

"Kitanda chako. Kwani wewe si yule wa Malindi?"

Ikachukua muda kumwelewesha kwamba mimi si wa Malindi, sioi, na sikuagiza kitanda. Furaha ikamtoka usoni. Nilipotaja tepu ya makumbi akashika kiuno.

"Ile nimeipeleka Chwaka," akasema. "Nilikuwa na kitanda cha harusi cha kupeleka kule, nikasema hizi sauti ni za kwao, nende nazo wafurahi. Nikaiacha."

"Umeiacha kwa nani?"

"Kwa wenye harusi."

"Haji, mimi nilimwazima Msa. Wewe nani kakwambia uitembeze?"

"Msa hakuniambia ni yako. Alisema ni tepu tu."

Hapo hasira ikanipanda. Tepu tu. Ningekuwa nimemwazima sufuria angejua kurudisha sufuria, maana sufuria mke wake angeulizwa. Lakini sauti ya mtu haina uzito mkononi, basi inapita kutoka nyumba mpaka nyumba kama uvumi, na kila mmoja anajiona mkarimu kwa kutoa kisicho chake.

Na bado, nisimdhulumu. Haji alinilaza kwake, mkewe akanipikia muhogo wa nazi na papa mkavu, na baada ya kula akaniomba nimtilie tepu yake mwenyewe kwenye mashine yangu, kwa kuwa yake imekufa. Hiyo ndiyo ya nne ninayoipendekeza. Ni wapigaji sakafu, wanawake na wanaume juu ya dari la nyumba moja ya Mji Mkongwe, wanashindilia chokaa siku ya tatu mfululizo. Kiongozi wao ni mwanamke mwenye matusi ya kuchekesha. Anamsimanga mwenye nyumba kwa ubahili wake wa chai, na wote wanaitikia kwa adabu kubwa kana kwamba wanamwombea dua. Nilicheka peke yangu. Kisha nikakumbuka kilichonipeleka, nikazima.

Tunguu mpaka Chwaka

Alfajiri Haji akanitafutia gari la ng'ombe linalokwenda Dunga na nazi. Niliambiwa ni mwendo wa saa mbili. Ng'ombe hakuambiwa. Mwenye gari, mtu mkimya, alikuwa kila baada ya muda anashuka kumbembeleza, na mimi nakaa juu ya nazi nimeshika mashine nisiitupe. Dunga nikangoja gari la Chwaka mpaka alasiri, nikanunua mkate wa ufuta kwa bibi mmoja aliyekataa kabisa kuniuzia wa pili kwa sababu, anasema, na wengine wanataka kula. Nilibishana naye. Alikuwa na haki.

Chwaka ni kwetu, kila mtu ananijua, na hilo ndilo lililoniponza. Badala ya kwenda kuuliza tepu ilibidi niingie nyumba kwa nyumba, nimjibu kila mtu habari za mama, koo limeshuka, anakula, anakusalimuni. Mwisho nikafika kwa Bi Kazija, mmoja wa wale wanawake wa shimoni, nikamkuta anasokota kamba pajani.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Umekuja na lile dude lako tena?"

"Naam. Nnatafuta tepu yenu mliyoimba. Nasikia ililetwa hapa harusini."

"Ililetwa," akasema, na kamba haikusimama. "Ikatiwa huko kwa wanaume. Sisi tulikuwa jikoni. Tulisikia wanaume wanashangilia, tukadhani bwana harusi kafika."

"Hamkuisikia?"

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuja hapa ukatuambia tuimbe. Ukatukalisha, ukatuzuia tusikohoe. Ukaondoka nayo. Umerudi siku gani kututilia tukajisikia?"

Nilikuwa nimekwenda Chwaka na ghadhabu za kumgawia kila mtu, na mtu wa kwanza kunidai ni huyu, na ananidai kweli. Nikamwambia samahani. Akasema samahani haitiwi kwenye mashine.

Kisha akanieleza. Harusini alikuwapo mwalimu mmoja anayefundisha Mangapwani, Mwalimu Sele, mpiga fidla wa kikundi cha taarabu. Aliisikia tepu, akasema sauti ya yule mama anayetoa haijapata kutokea, lakini imeachwa uchi, haina hata fidla moja ya kuisitiri. Akaomba aichukue aipeleke kwa wenzake. Na wenye harusi wakampa. Bila shaka wakampa. Kwa nini wasimpe? Haikuwa yao.

"Alisema atamsitiri mama yako," Bi Kazija akaniambia. "Ma Mwatima je, alisema kitu juu yake?"

"Sijui, Bi Kazija. Sidhani."

"Maana wimbo ule ni wao wawili. Mize akitoa, 'nimekuja na langu kumbi,' Mwatima ndiye wa 'piga, mwenzangu, nipo.' Sisi wengine tulikuwa tunajaza tu. Na walikuwa hawasemezani, unajua? Sote tulikuwa tunawangojea waimbe ili tujue kama wazima."

Nikalala Chwaka kwa ndugu zangu. Waliniwekea samaki changu wa kupaka na wali wa nazi, nikashindwa kumaliza, wakanuna.

Mangapwani

Alkhamisi nikarudi mjini kwa gari la asubuhi, sikupita nyumbani, nikabadilisha gari hapo hapo Darajani kwenda Mangapwani. Sikupita nyumbani kwa sababu mama angeniuliza betri.

Niliposhuka tu, akanijia mtu mzima mmoja, shati safi, akanishika mkono. Kabla sijamaliza kusema natafuta nyumba ya mwalimu, akasema twende. Nikamfuata. Tukakata njia ya miguu, jua la utosini, mashine begani, nadhani mwalimu kajenga mbali. Tukatokea kwenye pango.

"Hili ndilo pango lenyewe," akaniambia. "Maji yake hayakauki."

"Bwana, mimi nilimuuliza mwalimu."

"Mwalimu yuko kule tulikotoka. Lakini nyinyi watu wa mjini wote huja kwa pango."

Nilikaa chini pale mdomoni mwa pango, nikaishusha mashine begani. Yule bwana akaona nimechoka, akasema ukishapumzika n'takuonyesha na chumba walichokuwa wakifichwa watumwa. Nikamwambia ahsante, nipeleke kwa mwalimu. Akanipeleka, na njia nzima yeye ndiye aliyekasirika.

Mwalimu Sele ni kijana mwembamba wa miwani, mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alipojua mimi ni nani alinikumbatia. "Mtoto wa Bi Mize," akasema, "mtoto wa sauti ile." Akaagiza kahawa na mkate wa kumimina, akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Akasema alikuwa anapanga kunitafuta, ana zawadi ya mama. Akaweka tepu kwenye mashine yake.

Ndugu zangu, ikaanza fidla. Kisha udi. Kisha mtu wa dumbaki, taratibu, na kwa chini gongo za makumbi zinasikika kama mtu anayegonga mlango nyumba ya pili. Mama akaingia. Ni yeye, sauti yake ya zamani, nzima, inapanda bila kutafuta pa kushika. Akatoa mstari wa kwanza akaumaliza. Pale pa kuitikiwa, ikajibu fidla.

Nikangoja mstari wa pili. Mama, fidla. Wa tatu. Mama, fidla. Ma Mwatima hayumo. Hakufunikwa, hayumo kabisa.

"Mmemfanya nini?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Anayeitikia."

Akanieleza kwa furaha, kama fundi anavyomweleza fundi mwenziwe. Walikuwa na mashine mbili. Moja inapiga tepu yangu, wao wanapiga ala pembeni, na ya pili inarikodi yote pamoja. Mwenzao mmoja amekaa kwenye kitufe cha sauti. Mama akitoa, anapandisha, wakianza kuitikia, anashusha mpaka chini, ili fidla iingie pasafi. "Kwetu sisi, mwimbaji akipumzika, fidla ndiyo humjibu," akasema. "Ndiyo adabu ya kazi yetu. Huwezi kumwacha mwimbaji hana wa kumjibu."

"Alikuwa na wa kumjibu, Mwalimu."

"Waitikiaji tu wale."

"Iko wapi tepu ya asili?"

Hapo akavua miwani. Akasema tepu siku hizi hazipatikani madukani, najua mwenyewe, na walikuwa nayo hiyo yangu moja tu ya ziada. Wakaifuta wakarikodia mazoezi yao. Akafungua almari akanionyesha. Gurudumu langu, mwandiko wangu ubavuni, Chwaka, makumbi, na ndani yake fidla tatu zinapatanisha nyuzi.

Nilisema maneno siku ile ambayo sitayaandika. Nilimwambia amemtia mama yangu nguo za watu na kumtupa mwenzake jalalani. Nikamwambia angekuwa amefuta sauti ya mwanamume anayejulikana mjini angekuja kuomba radhi na wazee watatu. Lakini asiyekuwapo na lake halipo, na mwanamke wa Chwaka apigaye makumbi hayupo hata akiwapo. Nikamwambia, "Yule aliyekuwa akiitikia amekufa. Mama aliniomba nimtilie sauti yake. Hiyo ndiyo iliyobaki ya sauti yake duniani."

Mwalimu akakaa. Kahawa ikaja, hakuna aliyeigusa.

"Hakuna aliyeniambia," akasema mwisho.

Na hiyo ni kweli, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa sababu nilipokuwa nawatia nyinyi tepu ile barazani, nilikuwa nasema nini? Msikilizeni mama yangu. Wiki zote zile sikumtaja Ma Mwatima kwa jina hata mara moja. Alinilea nusu ya utoto wangu na nilimwita waitikiaji, kama Mwalimu.

Akanipa tepu yake aliyoipamba, akanifungia na mkate. Nikavichukua vyote viwili.

Kurudi

Gari la jioni lilikuwa limeshaondoka, nikalala hapo hapo Mangapwani, na Ijumaa asubuhi nikapanda gari la mjini. Njia nzima nikawa natunga uongo. Tepu imekatika. Tepu imeliwa na panya. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akaniangalia mpaka Bububu, kisha akaniuliza kwa upole, "Umefiwa?" Nikamwambia ndiyo, na mtu yule yule, mara ya pili. Akasogea kidogo, labda aliniona sina akili.

Nyumbani mama alikuwa amekaa juu ya kitanda, mke wangu anamchana nywele. Uongo wote ukanitoka kichwani. Nikamweleza kweli tangu mwanzo: Msa alivyompa Haji, Haji alivyoiacha Chwaka, wenye harusi walivyompa Mwalimu, Mwalimu alivyofuta. Nikamsema kila mmoja kwa jina lake na ubaya wake. Mama akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Na nani aliyeitoa hapa nyumbani?"

"Mimi."

"Basi wataje wote na wewe umo."

Akataka kuisikia hivyo hivyo. Nikamwambia itakuudhi. Akasema weka. Nikaweka. Alikaa mkono kwenye koo, anasikiliza sauti yake ambayo hana tena. Fidla ilipoingia mara ya kwanza akafumba macho. Ya pili akageuza sikio kidogo, kama anatafuta kitu nyuma yake. Ya tatu akaacha kutafuta. Alisikiliza wimbo mzima.

"Anapiga vizuri kijana," akasema. "Lakini pale pana mwenyewe."

Mimi nikaanza tena, nikasema kesho n'takwenda kwa mwenye kikundi chao, n'takwenda kwa mkubwa wake wa shule. Mama akanipungia mkono ninyamaze.

"Upande wa pili wa hiyo tepu una kitu?"

"Hauna."

"Geuza. Tayarisha ya kurikodi."

Mke wangu akaniangalia. Mama hajaimba tangu koo lilipomvimba, na daktari alimkataza hata kusema kwa nguvu. Nikamwambia sauti itakuumiza, mama. Akasema ya kutoa ndiyo sina, ya kuitikia iko chini. Nikabonyeza.

Akaanza kwa kunyamaza. Akapiga ukingo wa kitanda kwa kiganja, taratibu, mwendo wa gongo, na midomo yake ikawa inakwenda na mstari wa kwanza bila sauti, mstari wake mwenyewe, mpaka mwisho. Halafu akaitikia. Aliitikia kwa mkwaruzo ule, kwa chini, na akavuta neno la mwisho puani kama alivyokuwa akilivuta Ma Mwatima. Akanyamaza tena, akajipisha, akaupa mstari wa pili nafasi yake yote. Akaitikia. Mistari yote, mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja, na pale pa kutoa pamebaki patupu, kiganja tu. Mke wangu alikuwa amekaa na kitana mkononi, analia waziwazi. Mimi pia.

Wimbo ulipokwisha mama hakuniambia nizime. Akainamia mashine akasema maneno machache, polepole, wala si kwangu. Ni ya mtu aliyekaa na mwenziwe mwaka mzima bila kumsemeza. Yamo kwenye tepu. Siyaandiki.

"Yameingia?" akaniuliza.

"Yameingia, mama."

"Haya. Usimwazime mtu."

Basi hiyo ndiyo naiweka juu ya zote. Haitoki nyumbani.